Tujiandae Kubadili Kazi Mlango Ungali Wazi

(Mhadhara uliotolewa baada ya Swala ya Isha mbele ya jamaa wa msikiti wilayani Kakonko)

Sifa njema zote zinamstahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, sahaba zake na kila mwenye kufuata mwongozo wao. Ama baad.



Sitazungumza usiku huu juu ya hukumu za swala wala za funga, ijapokuwa najua wapo waliokuja na maswali ya aina hiyo. Hayo tutayapa wakati wake, inshaallah. Usiku huu nataka tuzungumze juu ya kazi. Tena si kazi kwa jumla, kwani fadhila za kuchuma cha halali tumezisikia mara nyingi kwenye mimbari hii. Nataka tumzungumzie mtu aliye na kazi leo, anayelipwa ujira wa kumtosha, na ambaye anajua fika kwamba kazi hiyo itakwisha; lakini anaishi, anakula, anakopa na anaahidi kana kwamba haitakwisha kamwe. Mtu huyo yumo humu msikitini. Nami nilipata kuwa yeye.

Sisi watu wa Kakonko hatuhitaji kutafutiwa mfano Dar es Salaam wala ng'ambo. Mfano wetu ni Mtendeli. Wazee wanakumbuka kwamba Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya watu wakayakimbia makazi yao, wengi wao wakaingia kwetu. Wakati huo tulikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kibondo, kwani Kakonko ilipata kuwa wilaya mwaka 2012. Katika miaka iliyofuata zikasimama kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago na Mkugwa. Pamoja na kambi yakaja mashirika, magari meupe, maghala, zahanati, na mishahara. Kisha ukaja Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, watu wakaanza kurejea kwao, na kambi zile zikafungwa moja baada ya nyingine. Huko Kasulu nako, Mtabila ikafungwa Desemba 2012.

Aliyekuwa karani wa ghala akarudi nyumbani na barua ya shukrani na redio. Aliyeanza kujenga, nyumba yake ikasimama kwenye lenta. Nyumba za namna hiyo mnazifahamu. Miti imeota ndani yake.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 2015 kukawa na machafuko mapya Burundi. Nyarugusu ikafurika, Nduta ikafunguliwa tena Oktoba 2015, na Mtendeli yetu ikafunguliwa tena Januari 2016. Nasi tukafanya nini? Tukaingia kwa bidii ile ile na kwa usahaulifu ule ule. Septemba 2017 wakimbizi wakaanza kurejeshwa kwa hiari, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi na UNHCR. Maana yake ni kwamba tangu mwezi ule kila mwenye macho aliweza kuona kuwa kambi ina mwisho. Mtendeli ikafungwa Desemba 2021, na waliokuwa wamebaki wakahamishiwa Nduta. Hebu hesabuni wenyewe tangu Septemba 2017 hadi Desemba 2021. Ni zaidi ya miaka 4. Ni misimu 4 ya mahindi na maharage. Ni muda wa kupanda muhogo, kuuvuna, na kupanda tena. Mtoto aliyeanza kidato cha kwanza anamaliza cha nne. Na bado, siku lilipokuja la kufungwa, tulisikia watu wazima wakisema: "Wametushtukiza."

Jambo likitokea mara moja tunaweza kusema lilitushtukiza. Mtendeli imefungwa mara 2, mbele ya macho ya watu wale wale.

Na hapa lipo jambo zito ambalo sipendi nilipite haraka. Baada ya kambi kufungwa, alinijia ndugu mmoja, mtu mwema wala simshuku, akaniambia: "Ustadhi, tuombee kambi irudi." Wallahi sikuweza kuinua mikono. Kwani kambi inarudi kwa njia gani? Inarudi pale nyumba za watu zinapochomwa, mama anapovuka mto usiku na mtoto mgongoni, na mzee anapoacha kaburi la wazazi wake. Kuomba kambi irudi ni kuomba hayo yarudi. Najua ndugu yetu hakukusudia hivyo; alikusudia mshahara. Lakini tazameni njaa ya nyumbani ilivyomfikisha mahala ambapo dua yake, bila mwenyewe kujua, imekuwa dua dhidi ya jirani.

Nisieleweke vibaya. Ujira wa aliyetibu wagonjwa kambini, aliyechimba visima, aliyelinda ghala la chakula, ni ujira halali, na inshaallah ana thawabu juu yake kwa nia njema. Nisemalo ni kwamba mwenye mlango mmoja tu wa riziki hujikuta akiupenda hata kama umejengwa juu ya msiba wa wengine. Mwenye mlango wa pili ndiye anayeweza kusimama barabarani, akayatazama mabasi yanayowarejesha watu kwao, akasema Alhamdulillah kwa moyo mweupe. Kwa hiyo maandalizi tunayoyazungumza usiku huu hayagusi mfuko peke yake.

Tena asidhani mtu kuwa haya ni ya Mtendeli tu, na kwamba aliyeajiriwa na shirika kubwa zaidi amesalimika. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likakoma kuendesha misaada hiyo. UNHCR yenyewe, ambayo nembo yake sisi tuliiona kama muhuri wa kudumu, ilitangaza mwaka huo huo kupunguza nafasi za kazi 3,500 duniani. Watu wenye shahada mbili na tatu, waliokaa Geneva na Nairobi, walifunga mizigo yao kama karani wa Kakonko. Uamuzi uliotiwa saini mji wa mbali ambao mlinzi wetu hajapata kuuona ulikata riziki yake kabla mwezi haujaandama.

Na wazee wetu wanayo kumbukumbu ya zamani zaidi. Wakati wa ukoloni nchi hii ya Waha ilifanywa shamba la kuvunia vibarua. Babu zetu walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilizalisha mkonge zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na hakuna aliyedhani kwamba kamba ya plastiki ingeweza kuuangusha. Iliuangusha. Wapo waliorudi Buha wakiwa wazee, mikono imekatwakatwa na miiba, hawajui tena kulima shamba la baba zao. Walifanya kazi ngumu kuliko sisi, kwa hiyo tusiseme kwamba tatizo lilikuwa uvivu.

Tunarejea sasa kwenye kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), ambacho nyote mnakijua, lakini naomba tukitazame upande mmoja ambao aghalabu tunaupita. Mfalme aliota ndoto, Yusuf akaifasiri: miaka 7 ya neema, kisha miaka 7 ya ukame. Wengi wetu tunasimama hapo, tunastaajabia ufasiri. Lakini Yusuf hakuishia kwenye kufasiri. Hakuulizwa wafanye nini, naye akawaambia la kufanya: walime mfululizo bila kulegea, na watakachovuna wakiache katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula. Tazameni umakini huo. Nafaka iliyomo ndani ya suke hudumu zaidi kuliko iliyopurwa. Hata namna ya kuhifadhi aliitaja. Na hata katika ile miaka migumu aliwaambia wabakize kidogo, ambacho wafasiri wengi wamekieleza kuwa ni mbegu, kwa sababu baada ya ukame ungekuja mwaka wa mvua, na mtu bila mbegu mvua itamfaa nini?

Nani alikuwa na tawakkul kuliko Yusuf? Basi mwenye kusema kwamba kupanga ni kukosa imani, hoja yake aipeleke kwa Yusuf (A.S.), asiilete kwangu. (Hadithi ya ngamia na kamba mnaijua, sina haja ya kuirudia.) Jambo ninalolitaka mlikamate ni moja: mpango ule ulianza katika miaka ya neema, ghala likajengwa wakati ambapo hakuna aliyekuwa na njaa.

Nimesema kwamba nami nilikuwa mtu huyo, na ni haki niwaeleze. Niliporejea kutoka masomoni, ambako nilisoma kwa Kiarabu kwa miaka mingi, nilipewa kazi ya kusomesha madrasa kwa posho iliyotoka kwa mfadhili wa nje. Ilikuwa posho nzuri. Nilioa, nikapanga nyumba, nikawa naazima na kuazimisha. Miaka 3 ilipita. Kila mwisho wa mwaka mfadhili aliandika kwamba ataangalia uwezekano wa kuendelea, nami nilikuwa nasoma neno "kuendelea" na kuliruka neno "uwezekano". Mimi niliyefundishwa kuchambua irabu ya mwisho ya kila neno! Mwaka wa nne barua haikuja, na posho haikuja. Kwa miezi 5 niliishi kwa deni la duka, na nilikuwa nazunguka njia ya nyuma ili nisipite mbele ya duka hilo.

Aliyenitoa hapo ni jirani, fundi seremala, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba. Alikuwa anachonga mizinga ya nyuki. Akanipa mizinga 12 kwa mkopo usio na riba, akanifundisha kuipaka nta ili kuwavuta nyuki, kuchagua mti wenye kivuli na maji ya karibu. Mnajua kwamba Kibondo na Kakonko ni nchi ya asali. Miombo yetu imewalisha nyuki tangu enzi na enzi. Nilidhani kwamba baada ya miezi 2 nitauza asali. Kumbe nyuki hawana haraka ya msomi. Msimu wa kwanza waliingia katika mizinga 5 tu, na mmoja kati ya hiyo walikuja kuuhama. Asali ya kuuza kwa maana ya kuuza niliipata mwaka wa pili. Mwaka mzima na zaidi, ndugu zangu, kutoka kutundika mpaka kurina cha maana.

Hapo ndipo nilipofahamu kosa langu lilikuwa wapi. Lau ningetundika mizinga ile wakati posho inaingia, hata mizinga 3 kwa mwaka, posho ingekatika nami nimeshakuwa mfugaji nyuki mwenye uzoefu. Nilianza kujifunza kazi mpya siku ambayo nilihitaji tayari inilishe. Na kazi mpya haimlishi mwanafunzi wake. Mwanafunzi ndiye anayeilisha kwanza.

Kila kazi ina msimu wake wa kungoja. Muhogo unataka mwaka au zaidi ardhini, na huku kwetu umepigwa na batobato na michirizi ya kahawia, kwa hiyo mkulima mpya asiyejua kutafuta mbegu safi atapanda ugonjwa kwa mikono yake. Cherehani inataka miezi kadhaa kabla mteja hajakuamini na kitambaa cha Idi. Dereva aliyezoea gari la shirika, akitaka kuendesha basi kwenye lami ya Nyakanazi, anahitaji leseni ya daraja C ya kubeba abiria, na hiyo inataka mafunzo, mtihani, nauli na muda. Haya yote yanafanyika kwa wepesi mtu akiwa na mshahara. Bila mshahara kila hatua inakuwa mlima.

Sasa tuingie katika hesabu, kwa sababu maandalizi bila hesabu ni maneno ya barazani. Chukueni nyumba inayotumia shilingi 250,000 kwa mwezi: chakula, kuni au mkaa, ada, dawa, na mkono kwa wazazi. Mwenye nyumba anataka akiba ya miezi 6, ili kazi ikikatika apate kupumua huku kazi ya pili ikikomaa. Hiyo ni shilingi 1,500,000. Akiweka 60,000 kila mwezi, itamchukua miezi 25. Miaka 2 na mwezi mmoja! Na ilani ya kuachishwa kazi, kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka isipungue siku 28. Kati ya siku 28 na miezi 25 ndipo familia nyingi zinapotumbukia.

Wengi wanategemea kiinua mgongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kima cha chini ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, isizidi miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 5 atapata siku 35. Siku 35, wala si miezi 35. Na yule ambaye mkataba wake wa muda maalumu umefika mwisho wake, kama ilivyo mikataba mingi ya kambini, asiihesabu fedha hiyo kabisa kabla hajausoma mkataba wake pamoja na mtu mwenye kuijua sheria. Lipo pia fao la kukosa ajira la NSSF kwa aliyechangia miezi isiyopungua 18, lakini anayeacha kazi kwa hiari yake halipati. Nimekutana na kijana aliyekasirika na bosi wake, akatupa ufunguo mezani akaondoka, kisha akashangaa kuambiwa hana fao. Hasira ya asubuhi moja ilimgharimu haki ya miaka.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliye kazini, usingoje siku ya mwisho ndipo utafute makaratasi. Hakikisha leo kwamba michango yako NSSF inaingia kweli, maana wapo waliokatwa mshahara na michango haikufika. Siku ya kuondoka dai cheti cha utumishi, ni haki yako kisheria. Nakala za mikataba usiziache kwenye droo ya ofisi.

Jambo jingine ni kujua wewe ni nani bila jina la shirika. Nimewauliza watu wengi: "Ulikuwa unafanya kazi gani?" Wakanijibu kwa kunitajia jina la mwajiri. Hilo si jibu. Wewe uliyetengeneza pampu za visima kwa miaka 5 ni fundi wa pampu, na visima viko katika kila kijiji cha Kakonko, Kibondo na Kasulu. Wewe uliyekuwa mkalimani, mwenye kukijua Kirundi na Kiswahili kwa ufasaha, una mtaji kinywani mwako katika masoko ya mpakani. Wewe uliyetunza ghala unajua kupokea, kuhesabu, kuhifadhi nafaka isiliwe na wadudu. Wafanyabiashara wangapi wa maharage hapa wanapoteza magunia kwa kukosa elimu hiyo? Na kwa fundi asiye na cheti, VETA wanao utaratibu wa kuupima na kuurasimisha ujuzi alioupata kazini. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi navyo vipo, Kibondo na Kasulu, na mtu mzima hafukuzwi kwa sababu ya ndevu zake.

Naijua pingamizi iliyobaki, haisemwi lakini naiona nyusoni. Ni aibu. Aliyevaa fulana yenye nembo na kitambulisho shingoni, leo aonekane na jembe? Abdurrahman bin Auf (R.A.) alihajiri akiacha mali yake Makka, akafika Madina, ndugu yake wa Kiansari Sa'd bin Rabii akamtolea nusu ya mali. Akamshukuru, akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko liliko. Akaanza na jibini kavu na samli. Mfanyabiashara mkubwa wa Makka anauza samli! Sijasoma popote kwamba alipita njia ya nyuma kama nilivyopita mimi.

Na Abubakar (R.A.), alipokwisha kupewa ukhalifa, asubuhi yake alionekana akielekea sokoni na nguo zake za kuuza begani, kama ilivyokuwa kawaida yake. Umar (R.A.) akamhoji, naye akauliza: ahli zangu watakula nini? Ndipo akakadiriwa posho. Huyu ni mtu aliyebadili kazi kutoka biashara kwenda uongozi wa umma mzima, na swali lake la kwanza lilikuwa la chungu cha nyumbani. Alilisema wazi, na jambo likashauriwa na wenzake.

Sisi je? Wapo wanaume humu ambao wake zao hawajui mkataba unakwisha lini. Mume anabeba tarehe hiyo peke yake kama anayebeba siri ya ugonjwa, na mke anaendelea kuahidi michango ya harusi kwa mshahara ambao umebaki miezi 3. Hiyo si kumlinda mke, ni kumnyima nafasi ya kukusaidia. Mara nyingi yeye ndiye anayejua ni matumizi gani yanaweza kukatwa bila mtoto kulala njaa.

Mama zetu, sijawasahau. Mliokuwa mkipeleka ndizi, mawese na dagaa kambini hamkuwa na mkataba wala NSSF. Kambi ilipohama wateja walihama nayo, na hapakuwa na barua. Kwenu ninyi ishara ni daftari la mauzo. Mteja wa aina moja akiwa ndiye zaidi ya nusu ya mauzo yenu, anzeni kutafuta soko la pili mwezi huo huo, Kabingo, Kibondo mjini, au kwa wenye magari yanayopita kwenda Kahama, hata kama faida mwanzoni ni ndogo.

Na nyote, jihadharini na mikopo hii ambayo watu wameiita "kausha damu". Aliyepoteza kazi leo, anachukua laki 3, baada ya mwezi anadaiwa laki 4, na dhamana ni kitanda cha watoto. Uharamu wa riba tunaujua. Na hapa hata asiye Muislamu anaona kwa macho kwamba ni kisu. Mtaji wa kazi ya pili utoke kwenye akiba ya kazi ya kwanza, au kwa ndugu kama jirani yangu seremala. Na kwa hili la mwisho msikiti nao una lawama. Tunachanga kwa ajili ya zulia upesi kuliko kwa ajili ya mzinga wa nyuki wa mtu aliyeachishwa kazi. Nasema hivyo nikiwa mmoja wa waliochangisha zulia.

Kwa hiyo tumekubaliana na kamati mambo machache. Jumamosi baada ya Alasiri, kila mwenye mkataba wa kazi aje nao, tutausoma pamoja na ndugu yetu mmoja anayezijua sheria za kazi, bila malipo. Waje pia wake zenu. Fundi seremala amekubali kupokea vijana 2 kwa kila muhula, sharti wawe bado wana kazi au shughuli nyingine inayowalisha. Anayetaka kujifunza nyuki aniandikie jina lake usiku huu. Mizinga ya kuanzia ipo 6, na atakayeichukua atairudisha mizinga 6 mipya baada ya misimu 2, ili wengine nao wapate. Msimu wa kutundika umekaribia, na nyuki, kama nilivyowaambia, hawatungoji.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.